Radhi ya Sita: Kuusoma Tena Utendi wa Mwana Kupona

Lugha yetu haimwamini sana mtu anayejishughulikia mwenyewe. Hebu visikilize vitenzi vyenye -ji-. Anayejiona ana majivuno. Anayejisikia anaringa. Anayejidai hana lolote, na anayejipendelea ni mchoyo. Upande wa pili, anayejitolea anapigiwa makofi, na anayejinyima anatolewa mfano kwa watoto. Taifa zima lilihimizwa kujitegemea katika Azimio la Arusha la 1967, na watu wakaitikia, kwa sababu taifa si mtu mmoja. Lakini mtu mmoja akisema leo nimechoka, ninalala, ninakula vizuri na kesho nakwenda kupima afya yangu, ataulizwa hapo hapo: kwani wewe nani?

Halafu lipo neno kujitunza. Kijana wa kiume akiambiwa ajitunze, maana yake avae sweta, kuna baridi. Binti akiambiwa ajitunze, kila aliyekaa pale sebuleni anajua kinachozungumzwa. Msichana aliyejitunza ni yule ambaye hajaguswa. Kitenzi kinasema -ji-, lakini anayetunziwa si yeye. Ni mtu mwingine ambaye bado hajafika, pengine hata jina lake halijulikani, naye anawekewa mali yake.

Nimeanza na sarufi kwa makusudi, kwa sababu nataka tuufungue tena utenzi ambao wengi wetu tuliusikia darasani, tukaunakili kwenye madaftari, tukajibu swali la mtihani, tukaufunga. Nao ni Utendi wa Mwana Kupona. Nadai kwamba huu ni miongoni mwa maandishi ya kale zaidi tuliyonayo katika Kiswahili yanayozungumzia, kwa undani na bila haya, jinsi mtu anavyoutunza mwili wake. Nadai pia kwamba kuna kitu kimoja kikubwa kimekosekana ndani yake, na kwamba sisi tunaoandika leo bado tunakikosa vile vile. Mtaniambia kama nimekosea.

Kwanza tukumbushane mambo yanavyokaa. Mwana Kupona binti Mshamu alitunga utendi huu mnamo 1858, kwa Kiamu, lahaja ya Lamu. Una beti zipatazo mia moja. Mumewe, ambaye watu walimwita Bwana Mataka, alikuwa mtawala wa Siu, mtu aliyepambana na masultani wa Zanzibar na kuwasumbua kweli kweli. Alifariki 1856. Mwana Kupona alimfuata miaka michache baadaye. Kwa hiyo alipotunga alikuwa mjane, tena mgonjwa. Anatueleza mwenyewe kwamba maradhi yamemshika muda wa mwaka mzima, na katika muda huo hakupata nafasi ya kumwambia mwanawe neno jema. Mwanawe ni Mwana Hashima, binti ambaye baba amekwisha kufa na mama anaelekea huko huko.

Sasa angalia jina lake. Mgonjwa anaitwa Kupona. Sitaki kulikamua jina la mtu hadi litoe maji, lakini kila ninapoufungua utendi ule nakutana nalo, na linaniuma kidogo.

Tazama vilevile jinsi kazi ilivyofanyika. Mama hakujifungia chumbani na kalamu yake. Anamwita binti asogee karibu, achukue wino na karatasi, kwa kuwa ana maneno moyoni anataka kumwambia. Mgonjwa anasema, mwenye afya anaandika. Wahakiki wengi wanapita hapa haraka wakikimbilia maudhui ya unyumba. Mimi naomba tusimame. Kabla utendi haujafika kwenye nasaha yoyote, umekwisha kutuonesha binti amekaa kando ya kitanda cha mama yake, anamwuguza kwa kumsikiliza. Halafu mama anaziita nasaha zake hirizi ambayo binti aifunge vizuri kwa uzi, na kidani cha lulu na marijani cha kuvaa shingoni. Hirizi ni kinga na kidani ni pambo. Mambo yote mawili yanakaa juu ya mwili. Mama anayeondoka anatafuta kitu cha kubaki kwenye ngozi ya mwanawe, na alichonacho ni maneno.

Kisha zinakuja nasaha. Nyumba ifagiliwe na choo kisafishwe, usafi usidharauliwe. Binti aoge, asuke nywele, atunge asumini na kuziweka kitandani. Ajipambe asiache, akae kama bibi harusi siku zote. Miguuni na mikononi awe na mapambo, marashi yasimtoke mwilini, pete zisimtoke vidoleni, hina isikauke, na wanja ukae machoni na kwenye nyusi. Wewe msomaji wa Magomeni au wa Majengo unayeona matangazo ya singo na kufukiza udi ukadhani ni mambo ya saluni za juzi, hapo umekutana na bibi yako.

Na mume? Mume anapepewa anapolala, haamshwi wala sauti haipazwi. Anakandwa. Anafukizwa udi asubuhi na jioni. Binti amtunze kama mtoto ambaye bado hajajua kusema. Wapo waliocheka walipofika hapa, wakaona kejeli: eti simba wa Siu anafananishwa na kitoto kichanga! Ann Biersteker ni mmoja wa wahakiki waliotutaka tuusome upya utendi huu, tusiuchukulie kuwa ni somo la utii tupu. Nakubaliana nao nusu. Kejeli inaweza kuwapo. Lakini kejeli haimpunguzii mtu kazi. Ukimpepea mtu usiku kucha huku unamcheka moyoni, mkono utauma vile vile.

Tufike sasa kwenye kiini cha shauri langu. Mwana Kupona anamwambia mwanawe kwamba kiumbe anahitaji radhi tano: ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama, na ya tano ni ya mume. Hii ya tano anaifafanua kuliko nyingine, mpaka siku ya Kiyama, ambako mume ndiye ataulizwa, naye akisema mke aingie Peponi ataingia. Hesabu imefungwa. Watano wakiwa radhi, mambo yamekwisha.

Mimi nauliza: ya sita iko wapi? Radhi ya nafsi yenyewe? Katika mlango mzima ule wa hina na marashi, sikuona mahali ambapo binti anaambiwa aoge kwa sababu maji ni mazuri na siku ilikuwa ya joto. Aweke asumini kitandani kwa sababu yeye pia ana pua. Alale, kwa sababu amechoka. Yeye ni mpepeaji, nani anampepea? Anakanda, nani anamkanda? Utendi unautazama mwili wake wote, kuanzia nyusi hadi nyayo, lakini unautazama kwa macho ya mtu anayeingia mlangoni.

Najua jibu litakalokuja, kwa sababu nimekwisha kulisikia kijiweni kwetu: usimhukumu mtu wa 1858 kwa mawazo ya leo, na tena huyu alikuwa mcha Mungu. Haya. Twende huko huko kwenye dini yake. Wanaosoma hadithi za Mtume wanalijua tukio la sahaba aliyekuwa akifunga kila siku na kusali usiku kucha. Mtume alimkataza, akamweleza kwamba mwili wake una haki juu yake, macho yake yana haki juu yake, na mkewe pia. Mwili umetajwa wenyewe, kama mdai anayesimama mlangoni na daftari la madeni. Kwa hiyo radhi ya sita si mgeni aliyeletwa na meli kutoka Ulaya. Ilikuwamo ndani ya nyumba ya Mwana Kupona, katika elimu ambayo yeye, mwanamke msomi wa Siu, aliishi nayo. Kama haikuingia katika hesabu yake ya radhi, basi lazima tutafute sababu kwingine.

Sababu naiona katika hali yake. Mama anakufa. Baba alikwisha kufa, naye aliacha maadui. Binti hana jeshi, hana cheo, hana mahakama ya kumpokea. Kitu pekee ambacho dunia ile itamtambua nacho ni ndoa. Mama anafanya kile ambacho mama yeyote mwenye akili angefanya: anamfundisha binti jinsi ya kubaki salama katika nyumba ya mtu mwingine. Anamwonesha hata mfano wake, jinsi alivyoishi na mumewe bila ugomvi, na jinsi mume alivyofariki akiwa radhi naye. Ukiusoma hivyo, wanja na hina vinaacha kuwa urembo. Vinakuwa ngao. Binti anajipamba ili asifukuzwe. Ninamhurumia sana mama yule, na ninamheshimu. Lakini tusizungushane: ngao huvaliwa mahali penye vita. Kama kujitunza ni ngao, basi nyumba ile ilikuwa na hatari, na utendi unaijua hatari hiyo bila kuitaja.

Kuna jambo jingine ambalo halitajwi kwa wazi. Nani alichota maji ya kuogea? Nani alifagia, nani alichuma asumini, nani alisaga hina? Siu ile ilikuwa na watumwa, na utendi wenyewe unamwonya binti asichanganyike nao isipokuwa wakati wa kazi. Mkono uliotwanga haupati hata nusu ubeti wa kushukuriwa. Nalisema hili si kwa kumsuta marehemu, bali kwa sababu mambo hayajabadilika sana. Leo mwenzetu anapoandika kwamba Jumapili ni siku yake ya kujipa raha, amelala hadi saa nne, amepaka liwa usoni, miguu ndani ya beseni la maji ya vuguvugu, mimi nauliza beseni limeletwa na nani. Mara nyingi limeletwa na dada wa kazi aliyeamka saa kumi na moja alfajiri, ambaye hana Jumapili. Hadithi zetu za mjini zimejaa huyu dada, anapita na sinia, hana jina. Mwandishi anayetaka kuandika juu ya kujitunza aanze kwa kumpa jina na siku ya mapumziko.

Na pia tusisahau jinsi utendi ulivyotufikia sisi. Alice Werner na William Hichens walipouchapisha kwa Kiingereza 1934 waliupa jina ambalo kwa Kiswahili ni kama Nasaha za Mwana Kupona juu ya Wajibu wa Mke. Wajibu wa mke! Mwana Kupona anafungua kwa ugonjwa na wino, anafunga kwa dua ndefu anayowaombea wanawe na nafsi yake, lakini jalada limekwisha kuamua kwamba kitabu ni cha mume. Tangu hapo wengi wameufuata mkondo huo, wanaousifu na wanaoushutumu pia. Wote wanamtazama mume. Mgonjwa anabaki kitandani.

Mimi dua ile naisoma tofauti. Ni mahali pekee ambapo Mwana Kupona anageuza uso kutoka kwa radhi za wengine na kusema mimi pia nahitaji. Hapepei mtu wala hakandi mtu. Ni mwili unaouma unazungumza na Muumba wake bila mume katikati. Kama radhi ya sita ina mlango katika utendi huu, mlango wenyewe ndio huo. Umekuja mwisho, na kwa sauti ya chini, lakini upo.

Sasa turuke zaidi ya miaka mia, hadi 1971, twende Ukerewe. Euphrase Kezilahabi katika Rosa Mistika anatuletea binti ambaye hakupewa hata utendi. Zakaria, baba yake, ni mlevi anayempiga mke. Anapoipata barua ambayo Charles amemwandikia Rosa, anampiga binti vibaya. Hilo ndilo somo la kwanza ambalo Rosa analipata juu ya mwili wake: kwamba mwili ni mali ya baba, na mvulana akiandika barua anaiba. Somo la pili anapewa na woga. Shuleni anawaogopa wavulana kama simba. Halafu fimbo ikiwa mbali, akiwa chuoni, hana kipimo chochote. Aliyefundishwa kuogopa tu hajui la kufanya siku woga ukiisha. Anaumia, anatoa mimba, na mwisho Charles anaporudi na kutaka mke aliyejitunza, tunajua yanayofuata. Rosa anajiua.

Riwaya hiyo ilipigwa marufuku shuleni kwa muda, kwa kuwa eti inaharibu wasichana. Kusema kweli mimi naiona kuwa ni riwaya ya afya kuliko vitabu vingi vya afya. Kezilahabi ametuonesha tofauti kati ya kulindwa na kujitunza. Rosa alilindwa sana. Kujitunza hakufundishwa hata siku moja, maana kujitunza kunahitaji kwanza ujue kwamba kitu hicho ni chako. Hata hivyo nina ugomvi na riwaya hii pia. Rosa anapomaliza maisha yake, hadithi inakimbilia haraka kumhukumu au kumwondolea hukumu, kama mahakama. Mwana Kupona angalau alimpa binti yake sauti ya mama. Kezilahabi anamwacha Rosa bila mtu hata mmoja wa kumwambia: kaa hapa, kunywa maji, tuzungumze.

Weka vitabu hivi viwili pamoja utapata picha. Katika utendi mwili unapambwa kwa ajili ya mume. Katika riwaya mwili unafungiwa kwa ajili ya mume. Miaka zaidi ya mia imepita na mwenye mwili bado hajafika kwenye mkutano unaomhusu.

Amefika leo? Tuangalie mtaani. Dada anayenunua mkorogo hasemi anajiumiza, anasema anajitunza ngozi. Baadhi ya krimu hizo zimekutwa na zebaki, ambayo huharibu figo, na haidrokwinoni, ambayo ikitumiwa ovyo inaiharibu ile ile ngozi iliyokusudiwa kung'aa. Bibi harusi anayepakwa piko ya dukani badala ya hina anaweza kuungua, kwa kuwa wanja ule mweusi mara nyingi ni rangi ya nywele, haikutengenezwa kupakwa kwenye ngozi. Hina ya Mwana Kupona haikumdhuru mtu. Lakini macho yanayotazama kutoka mlangoni ni yale yale, nayo sasa yanadai zaidi. Kujitunza kwa ajili ya macho ya mtu hakuna mwisho, kwa kuwa macho hayashibi.

Na kuna upande wa nuru. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake wa kujitunza 2019, lilieleza kwamba kujitunza ni uwezo wa mtu, familia na jamii kulinda afya, kuzuia maradhi na kukabiliana na ugonjwa, mhudumu wa afya akiwapo au asiwepo. Tazama maneno mawili ya katikati: familia na jamii. Mwaka huo huo Tanzania ilibadilisha sheria ili mtu aruhusiwe kujipima VVU mwenyewe. Kujipima! Hapo lugha imepata kitenzi kipya chenye -ji- ambacho hakina majivuno ndani yake. Natamani mshairi mmoja akitumie vizuri kabla hakijachakaa kwenye mabango.

Nje ya kwetu naona ndugu mmoja wa Mwana Kupona, ingawa hawakujuana. Audre Lorde, mshairi Mweusi wa Marekani, aliandika A Burst of Light, iliyotoka 1988, akiwa na saratani iliyokwisha kufika kwenye ini. Humo anaeleza kuutunza mwili wake kama sehemu ya mapambano yake ya kisiasa, wala si anasa. Wanawake wawili wagonjwa, kila mmoja na wino wake. Wa kwanza alitumia nguvu zilizobaki kumfundisha binti namna ya kuwaridhisha watu watano. Wa pili alizitumia kusema kwamba mwili wake mwenyewe unastahili kupiganiwa. Simwoni mmoja kuwa bora. Lorde alikuwa na wenzake waliokuwa tayari kumsikia. Mwana Kupona alikuwa na binti mmoja na karatasi.

Basi, wenzangu wa kalamu, mnajua ninakotaka kufika. Jumamosi tunapokutana kusomeana miswada, nasikia wahusika wa aina mbili. Wa kwanza ni mvulana mwandishi: halali, hali, anavuta sigara ya tatu usiku wa manane, anakohoa, na kikohozi ndicho kipaji chake. Wa pili ni msichana mzuri ambaye tunaambiwa rangi yake, shingo yake, mwendo wake, mpaka anapougua, na akiugua uzuri unakwisha na hadithi inakwisha. Hospitali inatokea ukurasa wa mwisho tu, kwa ajili ya mtu kufia. Hakuna anayekwenda kliniki akarudi nyumbani akapika. Hakuna anayelala saa saba au nane ambazo mtu mzima anazihitaji, akaamka, akaandika ukurasa mzuri. Kwani usingizi unaua fasihi?

Uongo huu una gharama, kwa sababu baadhi yetu tunauishi. Tunaona fahari kukesha. Tunaamini kwamba mwili ni punda wa kubebea mashairi, akianguka tutatafuta mwingine. Hakuna mwingine, mshkaji. Kiswahili kinamwita mgonjwa mahututi hajiwezi. Neno zuri kuliko yote niliyoyataja, na limekaa pale siku zote. Aliye mzima ni yule anayejiweza. Hapo -ji- hairingi wala haimwibii mtu. Ni mtu na uwezo wake tu. Ningependa kujitunza kufafanuliwe hivyo katika hadithi zetu: kuulinda uwezo wa kujiweza, na kumsaidia jirani alinde wake.

Siwaombi muandike mashairi ya kuhimiza watu kunawa mikono. Mabango yapo. Naomba tuandike mwili wenye mwenyewe. Binti aoge katika ubeti mmoja bila mtu kumsubiri nje. Mvulana aende kupima presha na hadithi iendelee. Mama apumzike, na mtoto wa kiume apeleke uji. Mkande mkandaji. Hayo ni mambo madogo, lakini fasihi yetu haina mazoea nayo, na jambo lisilo na mazoea linahitaji fundi.

Kuhusu utendi wenyewe, hukumu yangu ni hii. Ni kazi kubwa. Vina vyake havichoki, sauti yake ni ya mtu halisi, na upendo wake hauna shaka. Ufundishwe, tena ufundishwe wote, ugonjwa na dua vikiwemo, si beti za mume peke yake. Lakini usifundishwe kama jibu. Katika beti zote zile binti hasemi neno. Anaandika tu, kichwa kimeinama, na hatujui alifikiri nini alipofika kwenye radhi ya tano na mama akanyamaza kidogo kuvuta pumzi. Jarida hili lina wasichana wanaotunga tenzi, nimeziona. Nani ataandika jibu la Mwana Hashima? Mizani ni nane, kina cha mwisho ni -ya, na hesabu ianze na sita.